Baridi ya Ukoo

Asubuhi ambayo wakwe walikuwa njiani, Zuurakan alisikia harufu ya ngozi inayoungua, wala hakushtuka. Siku ya kuchinja, nyumba gani hainuki? Mwanawe Emil alikuwa uani akibabua kichwa cha kondoo kwa moto wa gesi, na kichwa kikibabuliwa harufu yake huingia mpaka kwenye matandiko. Akaendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta. Baadaye alimwona Emil akipita dirishani na kile kichwa kimeshaoshwa, kimelazwa kwenye sinia, moto umezimwa. Harufu ilikuwa palepale. Akaweka kijiko chini.

Chumba cha pili mumewe, Sadyr, aliketi karibu na jiko la chuma, bakuli la chai mkononi. Soksi za sufu alikuwa amezivua, na unyayo wa kulia ameuegemeza kwenye chuma chenyewe. Alikuwa akipuliza chai kwa raha zake.

“Baba Emil! Mguu wako!”

“Mguu umefanya nini?”

“Unaungua, mwanamume wewe! Hebu utoe!”

Akautoa. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye jiko. Sadyr alikitazama, akautazama unyayo, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa anasinzia msibani.

“Ngozi ya mchungaji hiyo. Ngumu kama tandiko la farasi.”

“Hukusikia maumivu?”

“Nimechunga maisha yangu yote juu huko. Moto mdogo kama huu utaniambia nini?”

Zuurakan angefurahi kama mumewe angepiga kelele. Angefurahi hata kama angemtukana. Alipiga magoti akaushika mguu, na kando ya pale palipoungua, chini ya kidole gumba, akaona kidonda kingine, cha siku nyingi, kingo zake nyeupe na katikati shimo jeusi. Kilikuwa kinanuka. Mwenyewe alikuwa akikivalia soksi kila asubuhi bila kujua, au akijua na kunyamaza. Kwa Sadyr mambo hayo mawili hayakuwa mbali sana.

“Leo tunakwenda wilayani,” alisema Zuurakan.

“Leo? Wakwe wako njiani, kondoo ameshachinjwa, nawe unataka kunipakia garini kama gunia? Nani atagawa nyama?”

“Atagawa Emil.”

“Emil hajui nyonga ni ya nani na paja ni la nani. Atampa mkwe mbavu, tuaibike mpaka kiama.” Kisha akashusha sauti. “Sikiliza, mama Emil. Wakishakula ini na mkia, nipeleke unakotaka. Kabla ya hapo neno lisitoke. Umewasahau wale wa kwanza?”

Hakuwasahau. Binti yao Meerim alikuwa amefika miaka ishirini na tisa, na wachumba wa kwanza walikuwa wamegeukia mlangoni baada ya kusikia kwamba mama mdogo wa Zuurakan alikuwa na kifafa. Walikuwa na haki yao. Kabla pande mbili hazijala pamoja ini la kondoo na mafuta ya mkia, uchumba ni maneno tu, na maneno hurudi kinywani. Vikishaliwa, hata mlima ukianguka hakuna wa kurudi nyuma. Meerim alilia majira yote ya baridi yale, na Zuurakan alilia naye, kwa sababu damu iliyolaumiwa ilikuwa yake.

Basi akaufunga mguu kwa kitambaa safi, akamvalisha mumewe soksi mpya, akarudi kwenye mandazi. Alijua anakosea, na alikosea macho makavu.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Mwezi wa nne, nesi wa zahanati, Kaliman, alikuwa amewapima watu sukari pale shuleni. Alimchoma Sadyr kidole, akakunja uso, akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni, utepe ukakaribia kutotosha. Sadyr akajipigapiga kitambi kwa fahari. Tangu goti lilipomshinda akaacha kupanda na kondoo malishoni, kazi yake ilikuwa kugawa nyama kwenye karamu za watu. Hakuna harusi wala hitima iliyofanyika bondeni bila yeye, na kila karamu alirudi na mfuko wake wa nyama na mafuta, kama desturi inavyotaka. Majirani wakimkuta njiani humwambia amenawiri. Na kunawiri kwa Wakirgizi si jambo la kuchekwa, hasa kwa mtu ambaye babu yake aliiona njaa.

“Baba, kitambi hiki si cha kujivunia,” Kaliman alimwambia. “Zamani ulikuwa juu ya farasi kutwa, ulikula mkia, kazi ikauchoma. Sasa unakula uleule umekaa. Na kwenu je, kuna aliyekuwa na sukari? Baba? Babu? Maana haya mambo hushuka na damu.”

“Kwetu?” Sadyr alicheka mpaka watu wakageuka, mkewe akiwa kando yake. “Hayo ni maradhi ya wanawake wa mjini. Wanaume wa kwetu hupigwa na baridi tu, binti yangu. Baridi ndiyo inayotuua.”

Kaliman alimsihi aende wilayani. Hakwenda.

Wakwe walifika mchana. Turat, baba wa kijana, alikuwa mwembamba, mwenye masharubu na ulimi usiolala. Mkewe Sabira alikuwa mpana na mcheshi. Nyuma yao walikuja wazee wawili wa upande wao, kofia ndefu nyeupe kichwani, kimya kama watu waliokuja kukagua farasi. Kitambaa cha chakula kilitandikwa chumba kizima. Mandazi, siagi, jamu ya aprikoti, sukari ya mawe yenye vipande kama vioo, peremende, chai. Emil aliketi karibu na mlango na chupa yake kubwa ya soda. Alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe, na kutokana na kukaa kwenye usukani kutwa nzima, kitambi cha baba yake kilikuwa kimeshamfikia kabla ya miaka arobaini.

Zuurakan alimimina chai akimchungulia mumewe. Sadyr alikuwa mwekundu usoni. Alikunywa bakuli baada ya bakuli, na kila bakuli kipande cha sukari mdomoni.

Kabla ya nyama, wazee wakataka kusikia mababa saba. Ni sharti. Kijana na msichana wakikutana popote katika baba saba, ndoa haipo. Aliyepewa kazi hiyo ni Bibi Burul, shangazi wa Sadyr, mtu aliyekula chumvi nyingi na asiyesahau kitu isipokuwa adabu.

“Sadyr ni mwana wa Ishenbai,” alianza, kidole hewani. “Ishenbai wa Doolot. Doolot wa Tokoi. Tokoi wa Bektur. Bektur wa Nurak, Nurak wa Esengul, Esengul wa Kalcha. Nani ana swali?”

Kila jina lilipotajwa, Zuurakan aliinamisha uso. Yeye hajawahi kuyatamka. Mke aliyelelewa vizuri halitaji jina la mumewe, wala la baba mkwe, wala la mwanamume yeyote aliyemtangulia mumewe katika ukoo. Marehemu baba mkwe, yeye Zuurakan humwita Mwenye Farasi wa Kijivu. Babu alikuwa Yule wa Juu. Kasym, baba mdogo wa Sadyr, kwake ni Baba Duka. Meerim humtania: “Mama, hao wamekufa, hawakusikii.” Lakini ulimi uliofungwa tangu ubibi harusi haufunguki kwa utani.

Mababa wa Turat nao wakatajwa. Hawakugusana popote. Wazee wakapumua.

“Damu mbalimbali kabisa,” mmoja wao alisema. “Safi.”

“Na walikufaje, mama?” Turat alimuuliza Bibi Burul. “Maana kwetu wote wameuawa ama na farasi ama na midomo yao.”

“Wewe basi farasi hana haja ya kujisumbua,” Bibi Burul alimjibu, na chumba kikacheka. “Sisi kwetu ni baridi. Mwanamume wa ukoo huu haendi kaburini na miguu miwili. Kaka yangu Ishenbai, dhoruba ya theluji ilimkuta mlimani na kondoo wa ushirika. Akakataa kuwaacha. Vidole vikawa vyeusi, mguu ukakatwa. Baba yetu Doolot vilevile. Na mdogo wetu Kasym, Mungu amrehemu, walimkata mpaka hapa, gotini, kisha akatutoka.”

“Kasym naye mchungaji?”

“Kasym? Huyo alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Hata mbuzi alikuwa akiwaogopa.”

“Sasa baridi ilimpatia wapi, mama?” Turat alipanua mikono. “Au dukani mwenu theluji ilikuwa ikiuzwa kwa kilo?”

Watu walicheka mpaka bakuli zikatikisika. Sadyr alicheka kuliko wote. Zuurakan peke yake hakucheka, na chai aliyokuwa akimimina ikajaa, ikamwagika kwenye kitambaa.

Alikuwa amemkumbuka Baba Duka. Alikuwa amemkumbuka akinywa maji ndooni kwa kata, kata tatu, nne, bila kupumua, na mkewe akinung'unika kwamba sisimizi hawabanduki pale uani anapokojoa. Mguu wake ulikatwa mwezi wa saba, watu wakiwa mashambani wanakata nyasi. Kisha akamkumbuka Mwenye Farasi wa Kijivu. Dhoruba ile ilikuwa kweli, ilimkuta kweli, lakini wakati huo Emil alikuwa mtoto mchanga. Mguu wa baba mkwe ulianza kuoza Emil akiwa anakwenda shule. Yeye mwenyewe Zuurakan ndiye aliyekuwa akiuosha. Ulikuwa na kidonda chini ya kidole gumba, na mzee hakuwahi kulalamika kwamba unauma.

Baridi gani humsubiri mtu miaka yote hiyo?

Akainua macho, akakutana na ya Sadyr. Naye alikuwa ameacha kucheka. Zuurakan aliona kwamba mumewe amefika palepale alipofika yeye, na kwamba alikuwa ameogopa. Sadyr akatikisa kichwa kidogo sana: bado.

Angeweza kusema. Nitasema kweli juu yake, maana wengine walimtetea baadaye: angeweza. Pale pale mlango ukafunguka, Meerim akaingia na sahani ya ini na mkia, mashavu yamemwiva kwa haya na furaha, na Zuurakan akafumba mdomo.

Sabira alichota mafuta na ini kwa mkono, kipande kinene, akamlisha Sadyr. “Kula, bwana mkwe! Kula tusikukimbie!” Sadyr akafumbua mdomo. Mafuta yakamtiririka kidevuni. Sabira akachota tena, watu wakipiga vigelegele, na Zuurakan naye akamlisha Turat, kwa sababu ndiyo desturi, akiurudisha mkono haraka hata Turat akamwambia asiogope, yeye hang'ati. Dua ikasomwa. Mikono ikapita nyusoni. Imekwisha, hakuna wa kurudi nyuma.

Alimfuata mumewe ukumbini. “Wameshakula. Twende.”

“Nyama haijagawiwa.”

“Baba Emil, nakuomba.”

“Nikagawe nyama kwanza. Mkwe hafukuzwi na mguu wa mtu.”

Akagawa. Nyonga kwa mzee wa kwanza, paja kwa Turat, kila mfupa kwa mwenyewe, bila kukosea hata mmoja. Wageni wakalala. Kesho yake majirani wakawaalika, kesho kutwa ndugu wakawaalika, hivyo hivyo mpaka wiki ikatimia, na kila nyumba Sadyr alikwenda, akala, akasifiwa. Zuurakan aliosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akaona weusi unapanda kuelekea kifundo, taratibu, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa. Kila asubuhi alisema leo, na kila asubuhi alijibiwa kesho. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini watu wa nyumba hii walidhani methali zimetungwa kwa ajili ya majirani.

Siku wakwe walipoondoka, Sadyr aliwasindikiza mpaka langoni kwa miguu yake, amenyooka. Gari lilipopotea kwenye kona akashika nguzo ya lango. Akasema anasikia baridi. Kulikuwa na jua.

Emil aliwapakia kwenye lori lake, mama katikati, baba upande wa mlango amefunikwa blanketi. Mawingu yalikuwa yameshuka, na theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka mlimani. Hawajafika mbali Emil akasimamisha lori, akaenda nyuma ya gurudumu kukojoa. Akarudi, akaendesha, akafungua chupa ya maji, akaimaliza. Chini ya kilima akasimama tena.

“Kibofu cha bibi harusi hicho,” Sadyr alinong'ona kutoka kwenye blanketi, meno yakigongana.

“Ni baridi tu, baba,” Emil alisema. “Siku hizi nakojoa kama farasi. Na kiu! Kiu siku hizi inanitoa roho.”

Alicheka. Zuurakan alitazama mbele, kwenye theluji inayokuja kiooni, na mikono yake akaikandamiza kati ya magoti.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alifungua kitambaa, akaukagua mguu. Alibonyeza juu ya kifundo, akabonyeza chini ya goti. Kipimo cha sukari kilipotoka hakushangaa.

“Mguu huu, baba, hatutauokoa,” alisema. “Tutajaribu kuliokoa goti. Mngekuja mapema, hata wiki moja nyuma, ningezungumza mengine.”

Zuurakan alisikia maneno yale yakimwingia moja moja. Wiki moja nyuma alikuwa anakaanga mandazi.

“Kwenu kuna mwingine mwenye sukari?” daktari aliuliza. “Baba yako, babu, ndugu?”

Sadyr alifumba macho. Midomo ilikuwa imemkauka, imepasuka. Hata pale, hata na mguu ule mbele ya macho yao, alivuta pumzi akajibu jibu la ukoo.

“Hakuna. Kwetu ni baridi tu. Mchungaji mimi, daktari. Baridi.”

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshalisikia hilo. Mlangoni palisikika hatua za Emil akitembea ukumbini, kwenda na kurudi, kisha sauti ya kifuniko cha chupa kikifunguliwa.

“Ishenbai,” alisema Zuurakan.

Sadyr alifumbua macho kama mtu aliyemwagiwa maji. “Mama Emil!”

“Ishenbai, baba mkwe wangu. Mguu wa kulia. Nilimwosha mwenyewe, haukumuuma hata siku moja.” Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake, nyembamba, kama ya msichana. “Doolot, babu yake. Kasym, baba yake mdogo, mguu wa kushoto, mwezi wa saba, na alikunywa maji ndooni kama ng'ombe.”

“Nyamaza! Umewataja marehemu!”

“Nimenyamaza vya kutosha. Ningewataja mwezi wa nne, leo ungekuwa unatembea.” Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Na huyu ni Sadyr. Andika, daktari. Sadyr, mume wangu.”

Hakuwa amewahi kulitamka. Sadyr alimtazama kwa mshangao, kama kwamba mtu mwingine ameingia chumbani, kisha akageuzia uso ukutani.

“Na mwanetu yuko hapo nje,” Zuurakan alimaliza. “Anaitwa Emil. Mwite.”

Emil aliingia na chupa mkononi, akifuta mdomo. Alidhani ameitwa kumbeba baba yake. Alipoambiwa atoe kidole alicheka, akasema yeye ni mzima, ni dereva, kesho kutwa ana safari ya makaa. Akatoa kidole hata hivyo, kwa sababu mama yake alimwangalia. Daktari alichoma, akasubiri, akatazama. Akachukua kidole kingine, akachoma tena.

Safari hii hakumgeukia Emil. Alimgeukia Zuurakan.

“Na huyu ana watoto?”

Zuurakan alimtazama mumewe. Aliyejibu ni Sadyr, uso bado ukutani, kwa sauti ndogo ambayo hakuna karamu iliyowahi kuisikia.

“Wawili,” alisema. “Wa kiume.” Akawataja kwa majina.